Mike Muuss: Aliyeifundisha kompyuta kupiga hodi

Wasikilizaji wetu wa Tarime na Serengeti hutuuliza: matangazo yakikatika kwenye intaneti, mafundi wanajuaje tatizo liko wapi? Mara nyingi huanza kwa kuandika neno moja fupi kwenye kompyuta: ping. Leo tunamtazama aliyeitunga programu hiyo.

Mike Muuss alizaliwa Iowa City, Marekani, Oktoba 16, 1958. Alihitimu uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1979, kisha akafanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la nchi kavu huko Aberdeen, jimbo la Maryland. Akiwa chuoni alijifunza jinsi nyambizi zinavyotoa mlio majini na kusikiliza mwangwi ili kujua kilicho mbele.

Desemba 1983 mtandao wa maabara hiyo ulianza kusumbua. Muuss alikumbuka jambo alilolitaja mtaalamu mwenzake, David Mills, miezi michache nyuma: kompyuta inaweza kuitumia nyingine ujumbe mdogo, nayo ikaurudisha kama mwangwi. Ni kama kupiga hodi na kusubiri karibu. Ukipima muda wa kusubiri, unajua njia ikoje.

Aliandika programu haraka, lakini ikagoma. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia mashine yote, haikuwa na uwezo wa kupitisha ujumbe wa aina hiyo kutoka kwenye programu ya kawaida. Muuss akaingia ndani ya kerneli na kuuongeza uwezo huo usiku huohuo. Kabla hakujapambazuka kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Ila kabla hajapiga hodi ya kwanza, mwenzake alikuwa ameshakipata kifaa kibovu na kukitengeneza!

Programu ile ya mistari kama 1,000 aliipa jina la mlio wa nyambizi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliiweka katika mfumo wake wa Unix, nayo ikasambaa duniani.

Kwa nini tunamkumbuka leo? Kwa sababu kompyuta moja sasa hubeba nyingine nyingi ndani yake, na kadi zao za mtandao si vifaa, ni programu tu. Hakuna waya wa kushika wala taa ya kutazama. Wanaounda kerneli ya Linux wakitaka kujaribu draiva za kadi hizo, huunganisha kadi mbili za kuigiza ndani ya mashine moja na kutuma ping kutoka upande huu hadi ule. Jibu lisiporudi, kosa limo ndani ya programu.

Somo hilo linatuhusu hata sisi. Kabla fundi hajatoka Tarime mjini kwenda kukagua mnara upande wa Mugumu, akichoma mafuta na kupoteza siku, aanze kupiga hodi kwenye mashine iliyo mbele yake, kwa anwani 127.0.0.1, ambayo haitoki nje ya kompyuta. Ikiitika, ndipo asogee hatua inayofuata.

Muuss alifariki kwa ajali ya gari huko Maryland, Novemba 20, 2000, akiwa na miaka 42. Hodi yake bado inapigwa kila siku.