Mkristo Aliyeamshwa na Swala za Waislamu

Pana swali moja ambalo nimelisikia mara nyingi katika baraza zetu za Pwani, hasa wazee wanapozungumza juu ya vijana walio ng'ambo kwa masomo au kwa kazi. Swali lenyewe ni hili: mtu ataishikaje dini yake katika nchi ambayo wenyeji wake wengi wameacha kuijali yao? Mimi leo sitalijibu kwa hoja. Nitasimulia maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa katika nchi ya namna hiyo, akaipoteza dini yake huko huko kwao, kisha akaipata tena kwa sababu ambayo sisi Waislamu yafaa tuijue. Mtu huyo ni Mfaransa aitwaye Charles de Foucauld. Alikuwa Mkristo, tena padri, na zaidi ya miaka 100 imepita tangu alipouawa katika jangwa la Sahara.

Foucauld alizaliwa mjini Strasbourg tarehe 15 Septemba, 1858, katika ukoo wa kikabaila. Hakupata kufaidi malezi ya wazazi, kwani mwaka 1864, kabla hajatimiza miaka sita, mama yake alifariki, na miezi michache baadaye akafuatwa na baba yake. Yeye na dada yake wakalelewa na babu yao mzaa mama, mwanajeshi mstaafu. Mzee huyo alimpenda mno mjukuu wake, na kama tujuavyo, mapenzi ya babu mara nyingi hayana kiboko.

Mwaka 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Wajerumani. Wafaransa wakashindwa, na mji wa Strasbourg ukatwaliwa na adui. Babu akahama na wajukuu wake wakaenda kukaa Nancy. Msomaji na aifikirie hali ya nchi hiyo wakati ule. Watu walikuwa wamepoteza vita, wamepoteza ardhi, mtawala wao ameanguka, na mjini Paris wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamemwagana damu. Hofu ilikuwa imewaingia. Wakati huo huo wasomi wengi walikuwa wakifundisha kwamba sayansi itatosha kueleza kila kitu, na kwamba dini ni mambo ya wanawake na wazee. Mwaka 1882 serikali ilitunga sheria iliyoondoa mafunzo ya dini katika shule zake.

Kijana Foucauld aliyanywa maji hayo mapema. Alipofika umri wa miaka 16 hivi, imani ilikuwa imemtoka. Hakuwa mtu wa kutukana dini. Aliiacha tu, kama mtu aachavyo nguo iliyompwaya. Baadaye alieleza kwamba aliishi kiasi cha miaka 12 bila ya kuamini chochote.

Babu alipofariki mwaka 1878, mjukuu alirithi mali nyingi. Hapo ndipo alipoanza mwendo wa ponda mali kufa kwaja. Alikuwa mwanafunzi wa uafisa wa jeshi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa karamu, kamari na wanawake. Katika chuo cha wapanda farasi cha Saumur alimaliza akiwa wa 87 katika darasa la watu 87. Alipopelekwa Aljeria, iliyokuwa chini ya Wafaransa, alikwenda na hawara yake, na wakubwa wake walipomwamuru amrudishe, akakataa, akatolewa kazini. Mwishowe jamaa zake walikwenda mahakamani mali yake iwekewe msimamizi, maana ilikuwa inayeyuka kama barafu juani.

Jambo lililomgeuza lilianza kwa safari. Aliposikia kwamba wenzake jeshini wanapigana na watu wa Bou Amama huko Aljeria mwaka 1881, aliomba arudishwe, akarudishwa. Huko aliwaona Waarabu kwa karibu, akatamani kuijua nchi yao zaidi. Akaacha jeshi mwaka uliofuata, akakaa mjini Algiers akijifunza Kiarabu na Kiebrania, na mwezi Juni 1883 akaingia Moroko.

Wakati huo Moroko ilikuwa nchi huru chini ya Sultani, na Mkristo kutoka Ulaya aliyepenya bara bila ya ruhusa aliihatarisha roho yake. Foucauld alijifanya Myahudi, akavaa mavazi yao, na akafuatana na kiongozi wa njia, Myahudi wa kweli aitwaye Mardochée Aby Serour. Alitembea kiasi cha miezi 11, akipima milima na mito kwa siri na kuandika katika kijidaftari alichokificha kiganjani. Alidharauliwa njiani kwa sababu ya mavazi yake, lakini pia wako Waislamu walioijua siri yake wakamlinda badala ya kumtoa. Aliporudi Paris alitunzwa medali ya dhahabu na chama cha wataalamu wa jiografia mwaka 1885, na kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1888.

Lakini, wasomaji wangu, medali si kitu. Kubwa ni lile aliloliona bila ya kulitafuta. Kila alipopita aliwaona watu wakiacha shughuli zao na kusali. Aliwaona wachungaji wa mbuzi, wachuuzi, wenye misafara, matajiri na mafukara, wote wakisujudu, mara tano kwa siku, hadharani, bila ya haya. Hapana aliyemhubiria. Hapana aliyebishana naye juu ya sayansi. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, katika barua alizomwandikia rafiki yake Henry de Castries mwaka 1901, alikiri kwamba Uislamu ulimtikisa sana, na kwamba kuwaona watu wanaoishi siku zote mbele ya Mungu kulimfanya afikiri kuwa pana jambo kubwa zaidi kuliko shughuli za dunia.

Hakusilimu. Alirudi Paris na dukuduku moyoni. Akawa akiingia makanisani peke yake na kumwomba Mungu, kama yupo, amjulishe kuwa yupo. Binamu yake, Marie de Bondy, mwanamke mcha Mungu ambaye hakupata kumsimanga kwa maisha yake ya nyuma, alikuwa akimfahamu padri mmoja mwenye hekima, Henri Huvelin wa kanisa la Saint-Augustin. Mwishoni mwa Oktoba 1886 Foucauld alimwendea padri huyo ili azungumze naye juu ya dini. Padri hakutaka mazungumzo. Alimtaka apige magoti na kuungama dhambi zake papo hapo. Akapiga magoti. Tangu siku hiyo, akiwa na miaka 28, hakuyumba tena.

Mtu aliyekuwa akila vya anasa sasa akawa mtafuta ufukara. Mwaka 1890 alijiunga na watawa wa Trapisti, akakaa nao miaka kadhaa huko Akbès, katika Shamu ya zama za Waturuki. Aliona hata maisha hayo ni ya raha kupita kiasi, akatoka. Baina ya mwaka 1897 na 1900 alikaa Nazareti akiwatumikia masista wa nyumba moja ya utawa, naye akilala katika kibanda cha bustanini. Mwaka 1901 alipewa upadri, na mwaka huo huo akaomba kwenda Sahara, kwa watu wa dini ile iliyomwamsha.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Beni Abbès, karibu na mpaka wa Moroko. Aliita nyumba yake kwa neno la Kiarabu lenye maana ya udugu, na mlango wake ulikuwa ukibishwa tangu alfajiri na maskini, wagonjwa, wasafiri na askari. Huko alikutana na jambo lililomchoma, nalo ni utumwa. Januari 1902 alimnunua mtumwa mmoja kwa fedha zake, akamwacha huru, na baadaye akawakomboa wengine. Aliwaandikia wakubwa wake akilalamika kwamba maafisa wa Kifaransa, waliojigamba kuwa wameleta uhuru, waliuachilia utumwa uendelee ili wasiwaudhi wenyeji wenye nguvu. Alishauriwa asiushupalie. Habari hiyo haitupiti kando sisi wa Pwani, kwani Unguja hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na mwambao wetu wa Kenya mwaka 1907.

Agosti 1905 alihamia Tamanrasset, katika milima ya Hoggar, kwa idhini ya Moussa ag Amastan, chifu wa Watuareg wa huko. Kilikuwa kijiji cha vibanda vichache tu. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria ya kutenganisha dola na kanisa. Basi wakati ambapo kwao dini ilikuwa ikiondolewa katika mambo ya nchi, yeye alikuwa ameketi jangwani akiswali peke yake, kwa dini yake, katikati ya watu wa dini nyingine.

Alifanya nini huko? Aligawa dawa na sindano za kushonea, alipokea wageni, na alijifunza lugha. Kwa miaka 11 aliandika kamusi ya Kituareg na Kifaransa iliyokuja kuchapishwa katika mijalada minne mnamo 1951 na 1952. Alikusanya maelfu ya beti za mashairi ya Watuareg, wanaume kwa wanawake. Sisi tunaojua uzito wa tungo na kazi ya kuziokoa zisipotee tutaiona thamani yake.

Na je, alibatiza wangapi? Karibu hapana. Alitumaini siku moja watu hao wangekuwa Wakristo, hakuficha, lakini alikubali kwamba si yeye atakayeiona siku hiyo, na akaona kazi yake ni kuwa jirani mwema tu.

Ujirani huo ulilipwa. Mwaka 1907 ukame ulikuwa mkali. Foucauld aligawa akiba yake ya chakula mpaka mwenyewe akadhoofu, na Januari 1908 akaanguka kitandani, hawezi kujigeuza. Watuareg, ambao nao walikuwa na njaa, walitafuta mbuzi wachache waliobaki na maziwa katika eneo lote lile, wakamletea maziwa mpaka akapona. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aliyekuja kutoa alijikuta anapokea, na walio karibu naye wanasema kuwa hapo ndipo urafiki wao ulipokuwa wa kweli.

Sitaki lakini kumpamba kupita haki yake. Foucauld alikuwa mwana wa dola iliyotawala kwa bunduki. Rafiki yake mkubwa, Laperrine, alikuwa kamanda wa jeshi la Sahara, naye Foucauld alimwandikia habari za nchi na watu. Aliamini kwamba utawala wa Kifaransa, ukiwa wa haki, ungewafaa wenyeji. Wakati wa Vita Vikuu vya kwanza alijenga ngome Tamanrasset ili watu wapate kujificha, na ndani yake ziliwekwa silaha za jeshi. Jirani aliyekunywa maziwa yao alikuwa pia jirani mwenye bendera ya mtawala nyuma yake.

Hilo ndilo lililomwua. Jioni ya tarehe 1 Desemba, 1916, kundi la wapiganaji wenye uhusiano na Wasanusi, waliokuwa wakipigana na Wafaransa, lilifika ngomeni. Mtu aliyemfahamu alibisha hodi akijifanya ameleta barua. Alipofungua alikamatwa, akafungwa kamba na kuwekwa chini ya ulinzi wa kijana mmoja. Ghafla walitokea askari wawili wa ngamia, kijana akababaika, akampiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 58, hana mfuasi hata mmoja.

Wafuasi walikuja baadaye. Mwaka 1933 René Voillaume na wenzake walianzisha shirika la mabradha huko huko Sahara ya Aljeria, na mwaka 1939 likafuata la masista, watu wa kuishi kimya miongoni mwa maskini na kufanya kazi kama wao. Tarehe 15 Mei, 2022, Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu.

Mimi hadithi hii hunirudisha kwenye lile swali la barazani. Foucauld aliipoteza dini katika nchi yenye vitabu na wahubiri tele, na aliyemrudisha njiani hakuwa mbishi wa hoja. Walikuwa ni watu wasiojua hata kama wanatazamwa, waliotandika misala kando ya njia kwa sababu saa ya swala imefika. Naye alipoipata, aliona kuwa haina maana asipoilisha njaa ya jirani. Pale alipoichanganya na nguvu za dola, hapo ndipo penye doa, na watu wa dini zote yawapasa wapatazame pale.

Basi mwanao akikuuliza ataishije Ulaya au hata hapa Mombasa, katika zama hizi ambapo dunia nzima imo ndani ya simu yake, mwambie habari za wachungaji wa mbuzi wa Moroko. Waliyafanya yao kwa wakati wake, na hapana aliyewaambia kwamba pembeni palikuwa na Mfaransa aliyesimama akiwatazama, amevaa nguo zisizo zake. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.