Mzee Ojwang: Mkikuyu Aliyekuwa Mjaluo wa Kenya Nzima

Kama unadhani komedi ya Kenya ilianza na TikTok, tulia nikupe stori ya buda mmoja. Ukitaka ushahidi, uliza mathee wako hapo Magongo nani alikuwa mkubwa wa Vitimbi. Hatafikiria hata kidogo. Mzee Ojwang.

Sasa hii ndiyo hushtua wasee: Ojwang hakuwa Mjaluo. Jina lake la ukweli ni Benson Wanjau, Mkikuyu kabisa. Ile lafudhi, "sh" ikigeuka "s", aliivaa kama koti, na akakaa nayo kwa skrini zaidi ya miaka 30. Kuna watu walijua jina lake halisi siku ya tanzia tu.

Na si rahisi hivyo. Wewe umelelewa Magongo, ploti moja na Mkamba, Mluhya, Mjaluo na Mgiriama, wengi wazee wao walikuja kusaka kazi bandarini ama kwa viwanda vya Changamwe. Unajua kuiga lafudhi ya jirani ni kitu ya dakika moja. Kuiga bila jirani kukasirika ndiyo noma. Ukizidisha kidogo tu, hayo ni matusi. Ojwang hakuishia kwa lafudhi. Huyo mzee alikuwa na ujanja, wivu, tamaa ya pesa, kiburi cha mwenye boma, halafu bibi akiingia anaufyata. Ulimcheka kwa sababu ulimjua. Pengine alikuwa buda yako.

Hii ni nchi ambayo kila uchaguzi unakuja na hesabu ya makabila. Baada ya kura ya 2007 majirani waliuana, Wakikuyu na Wajaluo wakiwa katikati ya hiyo balaa. Mkikuyu kupendwa kila kona na jina la Ojwang? Nionyeshe mwanasiasa ameweza hiyo.

Alipoanza kuvuma, TV ilikuwa ni VOK peke yake, ile ilibadilika kuwa KBC mwaka wa 1989. KTN ilikuja 1990. Yaani hakuna kuhamahama: ukiwasha, ni wao. Alipita kwa Darubini, Vituko, Kinyonga na Vioja Mahakamani, lakini Vitimbi ndiyo ilimfanya awe mtu wa kila nyumba.

Hawa wazee hawakuwa wakikariri skripti kama mashairi ya shule. Wanapewa kisa, mengine wanajitafutia mbele ya kamera. Ndiyo maana alihitaji mtu kama Mama Kayai, Mary Khavere, aliyekuwa mke wake kwa kipindi. Anatupa neno, mzee analidaka, analirudisha na moto wake. Wengi walidhani ni mume na mke wa ukweli. Mimi naona hata kimya chake kilichekesha kuliko maneno. Anakodoa macho tu, nyumba nzima imeanguka.

Chapaa nayo? Hapo ndipo stori inauma. Umaarufu wa miaka yote hiyo haukumpa uzee wa raha. Macho yalipoanza kumsumbua, ilibidi mashabiki na wahisani wachange ndiyo apate matibabu. Mtu aliyechekesha nchi bila kuitisha kiingilio, sasa nchi inapitishiwa kofia. Na hakuwa wa kwanza, waigizaji wengi wa rika lake wamelalamika kuhusu malipo mpaka wakachoka.

Alifariki Jumapili jioni, 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Ilikuwa nimonia. Alikuwa na miaka 78. Wakubwa wakatuma rambirambi zao, akazikwa makaburi ya Lang'ata. Magazeti yalilazimika kuweka majina yote mawili, kwa sababu ukiandika Benson Wanjau peke yake, nani angejua ni nani amekufa?

Vitimbi za kitambo bado ziko YouTube. Anza na zile anazozozana na Mama Kayai, na uite mathee akae karibu.