Roosevelt: Mtu Aliyekuwa Mkubwa Kuliko Chama Chake

Kila nipitapo Ngomeni, hapa Mombasa, jicho langu huangukia lile jumba kongwe la Klabu ya Mombasa, nami humkumbuka mgeni aliyekaribishwa humo chakula cha usiku mwezi wa Aprili 1909. Wiki saba nyuma alikuwa Rais wa Marekani. Ni marehemu Theodore Roosevelt.

Meli ya Kijerumani, Admiral, ilimshusha tarehe 21. Alikuja kuwinda na kukusanya ngozi na mifupa kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Alipopanda gari la moshi kwenda bara alikaa kwenye kiti kilichowekwa mbele kabisa ya injini, apate kuiona nyika vizuri. Wapagazi wakamwita Bwana Mkubwa. Mwanawe Kermit wakampa la Bwana Maridadi. Nilipoyakuta majina hayo katika kitabu chake mwenyewe nilicheka, maana watu wetu hawakosei katika kupachika majina.

Ukubwa huo hakuzaliwa nao. Alizaliwa New York mwaka 1858, mtoto dhaifu mwenye pumu, macho hayaoni mbali. Tarehe 14 Februari 1884 mamake na mkewe walifariki siku moja, nyumba moja. Akaenda Dakota akafuga ng'ombe. Vita vya Cuba vya 1898 vikampa jina, akawa gavana, kisha Makamu wa Rais, na McKinley alipouawa mwaka 1901 akakalia kiti akiwa na umri wa miaka 42. Usiku aliposhinda uchaguzi wa 1904 alitamka hadharani kuwa hatagombea tena. Kiti akamwachia rafikiye, William Howard Taft, naye akaja zake kwetu kuwinda simba.

Na hapa ndipo ilipo hadithi yenyewe. Aliporudi kwao mwaka 1910 alimwona Taft amekwenda kombo, au pengine hakuweza kuishi bila kiti. Mimi naamini yote mawili. Mwaka 1912 aliitaka tikiti ya chama chao cha Republican. Katika majimbo mengi ambako wanachama walipiga kura wenyewe, alimshinda Taft, hata Ohio nyumbani kwake. Lakini wenye chama ndio walioamua ni wajumbe gani waketi mkutanoni Chicago, na Taft akapewa. Roosevelt akatoka, na mwezi wa Agosti, mji ule ule, kikazaliwa chama kipya cha Progressive.

Watu walimfuata kama wafuatao shehe. Mkutanoni waliimba nyimbo za kanisani na kulia. Wako waliofuata sera: kura kwa wanawake, bima kwa wafanyakazi. Lakini wengi, nasema kwa yakini, walimfuata yeye: yale meno, ile miwani, ile ngumi iliyopiga hewa. Si wote waliopokewa. Wajumbe weusi wa kusini walizuiliwa mlangoni, na jambo hilo silipiti kimya. Wala Waislamu wa Misri hawakumsahau: mwaka 1910, Cairo, aliwakaripia waliodai uhuru wao, na vijana wakaandamana kumpinga.

Tarehe 14 Oktoba 1912, mjini Milwaukee, mtu mmoja alimpiga risasi ya kifua. Risasi ilipita kwenye kibweta cha chuma cha miwani na karatasi 50 za hotuba zilizokunjwa mfukoni, ikapungua nguvu. Roosevelt alikataa kupelekwa hospitali. Alipanda jukwaani shati limelowa damu, akahutubia kiasi cha saa moja na nusu. Risasi hiyo alizikwa nayo.

Hebu fikiri, msomaji: ni nani asingempa kura mtu kama huyo? Watu zaidi ya milioni nne walimpa. Alipata kura 88 za wajumbe wa majimbo, Taft akaambulia 8. Hajatokea mgombea wa chama cha tatu huko Marekani aliyefikia hapo, si kabla yake wala baada yake. Ila vyama viwili vikuu vilikuwa vimesimama, na kwa kuwa Republican waligawanyika, Woodrow Wilson wa Democratic akapita na kura 435.

Chama kipya je? Kila palipokosekana yeye kwenye karatasi ya kura, kilipwaya. Mwaka 1916 wajumbe wake walikusanyika tena Chicago, wakamteua kwa shangwe. Akawapelekea simu ya kukataa, na badala yake akawapendekezea seneta mmoja wa Republican, mhafidhina asiyeafikiana nao kwa lolote. Watu waliouza urafiki wao, vyeo vyao na vyama vyao vya zamani kwa ajili yake wakabaki wametazamana ukumbini. Baadaye yeye alimuunga mkono mgombea wa Republican, na chama kikafa.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Sagamore Hill, tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Wakati huo Republican walikuwa wameanza kumtaja tena kuwa mgombea wao wa 1920.