Annalena Tonelli, Mtaliano wa Wajir

Sisi watu wa Pwani tukisikia Mtaliano, fikira zinakwenda Malindi moja kwa moja: hoteli za ufuoni, piza, aiskrimu, na vijana wa bichi wanaozungumza Kitaliano kama waliozaliwa Roma. Tangu nije kufanya kazi Garissa, nimejifunza kwamba huku ng'ambo ya Mto Tana neno hilo lina sura nyingine. Wazee wa Wajir ukiwatajia Mtaliano, hawazungumzi hoteli. Wanazungumza juu ya mwanamke mmoja aliyeitwa Annalena Tonelli. Vijana wengi hawamjui, na ndiyo sababu namwandika leo.

Annalena alizaliwa Forlì, kaskazini mwa Italia, tarehe 2 Aprili 1943. Alisomea sheria, na angeweza kubaki kwao akawa wakili. Badala yake, mwaka 1969, akiwa na miaka 25, alikuja Kenya kuwa mwalimu, na muda si muda akawa Wajir. Alikuwa Mkatoliki, lakini hakuwa mtawa wala hakuajiriwa na shirika lolote la kimisheni. Aliishi bila mshahara, na kazi yake iliendeshwa kwa michango ya jamaa na marafiki wa kwao Forlì.

Wajir ya wakati huo haikuwa mahali pa kwenda kwa matembezi. Vita vya Shifta vilikuwa vimekwisha juzi tu, na Kaskazini Mashariki nzima ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka 1991. Barabara mbovu, hospitali za kuhesabu kwa vidole, na kila mgeni alitazamwa kwa jicho la shaka.

Adui aliyemkuta huko ni kifua kikuu. Ugonjwa huu ulikuwa ukiua, na juu ya kuua ulikuwa aibu. Mgonjwa alifichwa, au aliachwa peke yake. Tena matibabu yalichukua mwaka mzima na zaidi, na mfugaji hawezi kukaa kitandani mwaka mzima huku ngamia wake wakitafuta malisho. Akipata nafuu kidogo anaondoka, dawa zinakatika, ugonjwa unarudi mkali kuliko mwanzo. Madaktari wengi walikuwa wamekata shauri kwamba watu wa kuhamahama hawatibiki.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Hapo ndipo ninapoiona akili yake. Hakuwalazimisha wafugaji waishi kama watu wa mjini. Nyumba ya Msomali wa kuhamahama ni fito na mikeka, inabebwa juu ya ngamia. Basi wagonjwa wakaambiwa waje na nyumba zao, wazisimamishe karibu na kituo, na jamaa zao wawe nao. Ikawa manyatta ya kifua kikuu. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, kwa miezi 6, kisha akavunja nyumba yake na kurudi kwa mifugo akiwa mzima. Miaka ya tisini dunia nzima ilifuata utaratibu huo wa kumeza dawa mbele ya shahidi, na Wajir ni miongoni mwa mahali ulipojaribiwa mapema.

Halafu ikaja Februari 1984. Miaka mitatu na ushei kabla ya hapo, Novemba 1980, hapa Garissa watu wa Bulla Kartasi walikuwa wamechomewa nyumba na kuuawa na askari wa serikali. Sasa ikawa zamu ya Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila maji. Wengi walipigwa risasi au kuchomwa moto. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema baadaye kwamba waliokufa huenda walikaribia 1,000.

Wakati wengi walifunga midomo, Annalena alichukua gari akaingia vichakani kutafuta majeruhi na kuzika maiti. Picha na orodha za majina zikafika mikononi mwa wanadiplomasia, na dunia ikajua. Malipo yake ilikuwa kufukuzwa Kenya.

Hakwenda kupumzika. Alivuka akaingia Somalia, akafanya kazi Merca, mji wa kale wa pwani ya Benadir, ndugu wa Barawa na Lamu. Merca ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar kabla ya kukodishwa kwa Waitaliano mwaka 1892. Waitaliano wa zamani walikwenda pale kutawala. Yeye alikwenda kulisha wenye njaa na kutibu wagonjwa katikati ya vita. Daktari Mtaliano aliyemrithi Merca, Graziella Fumagalli, aliuawa huko Oktoba 1995. Mwaka uliofuata Annalena akaanza upya Borama, kaskazini, akajenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi.

Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi ndani ya hospitali yake. Alikuwa na miaka 60.

Sisemi Mtaliano wa Malindi ni mbaya. Hoteli zake zimesomesha watoto wengi. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumpima mgeni kwa majengo anayoyaacha, na kwa kipimo hicho Annalena hangeonekana kabisa. Nyumba za manyatta yake zilibebwa na wenyewe.

Lakini kuna deni alilotuachia. Ripoti ya Tume ilikabidhiwa Rais mwaka 2013. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Wajane wa Wagalla wanazeeka na wengine wameshazikwa wakingoja. Mgeni alitoa ushahidi akafukuzwa kwa ajili yao. Wabunge wa Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na wetu wa Pwani, hawana wa kuwafukuza. Waidai ripoti hiyo bungeni.