Mzigo wa Rais: Maisha ya Abraham Lincoln

Mimi mwenzio nilikuwa miongoni mwa wale wanaodhani kwamba rais akishika kalamu tu, mambo yamekwisha. Siku moja katika mdahalo wa chama chetu nilisema hivyo, tena kwa majivuno. Mwalimu hakunibishia. Alinituma maktabani nikasome maisha ya Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani, kisha nije niwaeleze wenzangu kazi za rais wa nchi ile ni zipi na mpaka wake ni wapi. Jamani, nilirudi nimenywea!

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Siku zote alizokaa darasani ukizijumlisha hazifiki hata mwaka mmoja. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alijisomea vitabu vya kuazima hadi akawa wakili mjini Springfield, Illinois. Mwaka wa 1858 aliwania useneta, akabwagwa. Miaka miwili baadaye akachaguliwa kuwa rais, akaapishwa tarehe 4 Machi 1861.

Kumbe alirithi moto! Majimbo 7 ya Kusini yalikuwa yamekwisha kujitenga ili kuulinda utumwa, na mwezi wa Aprili vita vikalipuka. Akiwa Amiri Jeshi Mkuu, Lincoln aliteua majenerali na kuwaondoa. George McClellan alipozidi kusitasita vitani, alimwachisha uongozi mnamo Novemba 1862.

Fauka ya hayo, rais ndiye msimamizi wa uhusiano na nchi za nje. Mwishoni mwa 1861 wanamaji wake waliwakamata wajumbe wawili wa Kusini ndani ya meli ya Waingereza. Uingereza ikaja juu. Lincoln akaona vita viwili kwa mpigo havitawezekana, akakubali waachiliwe. Pia rais ana uwezo wa kusamehe. Mwaka wa 1862 aliletewa majina 303 ya Wadakota waliohukumiwa kifo. Wengi aliwanusuru, lakini 38 walinyongwa tarehe 26 Desemba. Uamuzi huo una lawama hadi leo.

Sasa hebu tega sikio. Tarehe 1 Januari 1863 alitangaza kuwa watumwa katika sehemu zilizoasi wako huru. Alitumia mamlaka yake ya vita. Lakini je, watumwa wa Kentucky, alikozaliwa yeye mwenyewe? Jimbo hilo halikuasi, basi tangazo halikuwagusa! Kuufuta utumwa kote kulihitaji kubadilisha katiba, na hiyo si kazi ya rais peke yake. Hutakiwa thuluthi mbili ya kura katika kila baraza la bunge lao, kisha robo tatu ya majimbo yakubali. Lincoln aliwabembeleza wabunge mmoja mmoja, na tarehe 31 Januari 1865 Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 119 dhidi ya 56. Majimbo yalikamilisha kazi hiyo Desemba, yeye akiwa kaburini.

Lililonigusa zaidi ni uchaguzi wa 1864. Vita vilikuwa havijaisha, na mpinzani wake alikuwa nani? McClellan yule yule! Mnamo Agosti Lincoln aliona atashindwa. Hakuahirisha uchaguzi. Aliandika karatasi ya kuahidi kushirikiana na atakayeshinda, akaikunja, akawapa mawaziri wake watie sahihi bila kuisoma. Mwishowe alishinda yeye. Tarehe 14 Aprili 1865 John Wilkes Booth alimpiga risasi katika ukumbi wa Ford's Theatre, Washington, akafa kesho yake asubuhi.

Nilipomaliza kusimulia, ukumbi ulikuwa kimya. Mtu mwenye jeshi lote mkononi aliikubali kura ya raia hata kabla hajajua itaamua nini. Basi nikayafuta maneno yangu ya mdahaloni mbele ya wote. Shime wenzangu, tusome kabla ya kusema. Cheo ni dhamana.