SAYYID SAID BIN SULTAN NA FARASI WAKE

 

Tulipokuwa tukisomesha tafsiri ya Surat al-Adiyat, ambamo Mwenyezi Mungu ameapa kwa farasi wanaokwenda mbio wakihema na kutoa cheche kwa kwato zao, mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini hapa kwetu Isikizya hakuna farasi, ilhali punda wapo na ng'ombe ndio usiseme. Akaongeza kuuliza farasi anamjuaje bwana wake hata akubali kumbeba kuingia vitani. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana jawabu tulilompa siku ile lilikuwa fupi na halikumtosheleza. Makala haya ni jawabu letu la pili, na tumeona tulipitishe katika maisha ya mtu aliyewapenda farasi sana, na ambaye misafara ya pwani ilikuja Unyanyembe chini ya bendera yake nyekundu. Mtu huyo ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja.

Alizaliwa Samail, nchini Oman, mwaka 1791. Baba yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804, akaacha watoto ambao hawajawa na nguvu ya kushika nchi. Aliyesimama imara kulinda haki yao ni shangazi yao, Bibi Moza bint Ahmad, mwanamke shupavu ambaye wasichana wetu wangefaa kumjua zaidi. Mwaka 1806, Said akiwa kijana wa miaka kama 15, Badr bin Seif, mtoto wa ami yake aliyekuwa ameshika madaraka, aliuawa, na kijana yule akawa mtawala. Damu ya jamaa ilimwagika, na hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Alitawala nusu karne.

Kijana wa ukoo wa kitawala katika Oman alikuzwa na mambo matatu: Qur'ani, silaha na farasi. Mizigo ilibebwa na ngamia na punda. Farasi alikuwa mnyama wa heshima, wa vita na wa kutolewa zawadi kwa wafalme, naye alilelewa karibu na watu tangu siku anayozaliwa. Waarabu hawakungoja mwanafarasi awe mkubwa ndipo waanze kupigana naye ili wamtiishe. Walimzoesha mkono wa mwanadamu angali ananyonya. Walimpapasa shingo na miguu, wakamvisha kamba laini kichwani, wakamlisha tende na kumnywesha maziwa ya ngamia, na huko pwani ya Oman wanyama walilishwa hata samaki wadogo waliokaushwa. Sauti ya anayemlisha huwa ndiyo sauti anayoijua. Mtu mzima hakumpanda kwanza. Mtoto mwepesi ndiye aliyetangulia kukaa mgongoni, kwa sababu mifupa ya farasi hukomaa polepole, na anayembebesha mzito kabla ya miaka mitatu au minne humharibu mgongo na magoti. Farasi pia hasahau. Aliyepigwa kichwani angali mdogo hukirusha kichwa kila aonapo mkono ukiinuka, hata kama mkono huo umeleta majani.

Hayo yana asili katika dini yetu. Katika hadithi sahihi tunasoma kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliokwisha kufanyiwa mazoezi kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wale ambao hawajafanyiwa mazoezi akawapa masafa mafupi zaidi, kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Mazoezi hayo huitwa tadhmir. Farasi hulishwa vizuri hadi anenepe, kisha chakula hupunguzwa kidogo kidogo, akawekwa mahali palipofungwa na kufunikwa mablanketi ili atoe jasho, mpaka nyama yake ikaze na pumzi yake iwe ndefu. Ni kazi ya siku nyingi. Tazameni pia uadilifu uliomo humo: asiyefunzwa hakulazimishwa kukimbia masafa ya aliyefunzwa. Sisi walimu tumelitafakari jambo hilo kwa ajili ya darasa zetu wenyewe.

Turudi kwa Sayyid Said. Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akaipenda, na katika miaka ya 1830 akaifanya makao yake makuu. Alijenga kasri la Mtoni, akahimiza upandaji wa mikarafuu, akafunga mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Yeye alikuwa Ibadhi, nasi wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, lakini hakuwalazimisha watu madhehebu yake. Aliweka makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni, na miongoni mwa hao wa Kisunni alikuwamo Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mwanachuoni mkubwa.

Farasi aliletewa Unguja kwa majahazi na merikebu kutoka Arabuni. Habari za jinsi walivyotumika nyumbani kwake tunazo kutoka kwa binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa mwaka 1886. (Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 na baadaye akaiacha dini ya wazee wake. Hilo linatuhuzunisha, lakini halifuti aliyoyaona kwa macho yake alipokuwa mtoto.) Anaeleza kwamba watoto wa Sayyid walianza kufundishwa kupanda wakiwa na umri wa miaka mitano hivi, mara mbili kwa siku. Hakuna aliyepewa mnyama wake kwa sababu tu ni mtoto wa mfalme. Alikaa kwanza na mwalimu mpaka ajue kukaa sawasawa na kuongoza, ndipo apewe wa kwake. Wavulana waliruhusiwa kujichagulia farasi katika banda la baba yao. Wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati, na msidhani hiyo ilikuwa dharau, kwani punda wale pengine walikuwa na bei kuliko farasi wa kawaida.

Tumelipenda hili la mtoto kuchagua. Mtoto akishachagua, hana wa kumlaumu. Farasi akimgomea, itabidi arudi kwake kesho asubuhi, amlishe, amsemeze, amjue anaogopa nini, kwa sababu ndiye aliyemtaka mwenyewe.

Sayyid Said alitoa farasi kwa wafalme wenzake pia. Mwaka 1840 merikebu yake iitwayo Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilifika New York, ikiwa chombo cha kwanza cha Waarabu kufanya safari hiyo ya kibalozi. Pamoja na zawadi nyingine ilichukua farasi wawili wa Kiarabu kwa ajili ya Rais Martin Van Buren. Katiba ya nchi ile haimruhusu rais kujipokelea zawadi ya mfalme bila ya ridhaa ya bunge, basi farasi wale wakauzwa kwa mnada na fedha zikaingia katika hazina ya serikali. Mwaka 1842 alituma ujumbe London kwa Malkia Victoria, na humo pia farasi walikuwamo.

Salme ameandika jambo jingine. Anasema baba yake alichukia kiburi, na kwamba zaidi ya mara moja, mtumwa wake wa kawaida aliyemtumikia muda mrefu alipooa, Sayyid mwenyewe alipanda farasi akaenda kumpongeza. Hapa ndipo kalamu yetu inapokuwa nzito. Mtu yule aliyeshuka juu ya farasi kumpa mkono bwana harusi alikuwa anammiliki bwana harusi huyo. Mashamba yake ya karafuu yalilimwa na watumwa, na wengi wao walitoka bara, baadhi kwa njia hii hii inayopita kwetu. Mwaka 1822 na mwaka 1845 alitia saini mikataba ya kupunguza biashara ya watumwa, lakini alifanya hivyo kwa kushinikizwa na Waingereza, na hatuwezi kumhesabia kuwa ni jitihada yake. Fadhila za kumwacha huru mtumwa alizijua, maana alisoma Qur'ani tunayoisoma sisi. Tunamwombea rehma kama tunavyomwombea kila Muislamu aliyetangulia, na tunasema yaliyokuwa.

Na sasa lile swali la mwanafunzi wetu. Farasi hawakufika Unyanyembe kwa sababu ya nzi. Misitu yetu ya miombo ina mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, na nzi huyo akimuuma farasi humtia vijidudu katika damu, akakonda, akaishiwa nguvu na kufa. Mwaka 1895 huko Afrika ya Kusini daktari David Bruce alithibitisha kwamba ni nzi huyo anayeeneza maradhi haya kwa mifugo. Tena yako maradhi mengine ya farasi yanayoletwa na visubi wa mvua. Punda anastahimili kidogo zaidi, lakini punda wengi nao walikufa. Waingereza Burton na Speke, waliofika Kaze, karibu na ilipo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walipoteza sehemu kubwa ya punda wao njiani.

Mnyama asipoweza, mzigo hauachwi pwani. Ulipanda juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari ya kufika pwani, na wengine walikuwa watumwa wasio na hiari. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa safari ya miezi mitatu au zaidi. Pembe ndovu zilishuka, nguo za merikani na shanga zilipanda. Farasi wa Mtoni alifunzwa kwa subira, asibebeshwe mzito kabla ya wakati wake. Mbebaji wa pembe hakupimiwa hivyo. Mwanafunzi wetu, hilo ndilo tulilolikosa katika jawabu la kwanza.

Sayyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 merikebuni, karibu na visiwa vya Shelisheli, akitoka Maskati kurudi Unguja. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, aliuleta mwili nchi kavu na kuuzika usiku. Mwanawe mwingine, Majid, aliyeshika utawala wa Unguja, alianza kujenga kuba juu ya kaburi lake Makusurani, lakini wenye msimamo wa kukataza makaburi kujengewa walipinga, na jengo halikukamilika.

Mwaka 1871, Barghash akiwa yeye ndiye Sultani, alimpa Henry Stanley farasi wa Kiarabu wa kumpandisha hadi Unyanyembe. Stanley alikuwa na farasi mwingine aliyepewa na mfanyabiashara wa Kimarekani. Wote wawili walikufa katika kijiji cha Kingaru, siku chache tu baada ya kutoka Bagamoyo. Mkuu wa kijiji alikasirika kwamba mzoga wa mnyama umezikwa katika ardhi yake bila ya idhini, akadai faini ya nguo, na ikabidi wazungumze muda mrefu kabla ya kuelewana. Msafara ukaendelea kuja kwetu kwa miguu, mizigo juu ya mabega ya wapagazi, na ikawa hivyo kwa kila msafara mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912.