Kakungulu Yule Mwingine

Mwislamu wa Kampala akisikia jina la Kakungulu, mawazo yake huenda Kibuli, kwa Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo, aliyetoa ardhi ya kilima kile pakajengwa msikiti na shule. Allah amrehemu. Lakini yupo Kakungulu mwingine aliyemtangulia, Semei Kakungulu, na huyo sisi tunamjua kidogo sana. Wanafunzi wa historia wanamjua kama jenerali aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki. Wayahudi wa Marekani wanamjua kama mwanzilishi wa Abayudaya wa Mbale. Sisi tunaosoma Uislamu ndio tulipaswa kumjua kuliko wote, kwa sababu swali lililomtoa kanisani ni swali letu.

Alizaliwa Kooki, kusini magharibi ya Buganda, mwishoni mwa miaka ya 1860, akaja Buganda akiwa kijana kutafuta maisha katika utawala wa Kabaka Mwanga. Wakati ule dini ilikuwa ikiitwa kusoma. Mwislamu alikuwa msomi, Mkatoliki msomi, Mprotestanti msomi. Asiyekuwa na dini hizi alikuwa mtu asiyesoma tu. Semei akasoma kwa Waprotestanti. Neno hili msomaji aliweke akilini, maana huyu bwana alilichukua kwa maana yake halisi kuliko waliomfundisha walivyotarajia.

Mwaka 1888 wasomi wa dini zote waliungana kumwondoa Mwanga, na wiki chache baadaye Waislamu wakawafukuza Wakristo mjini. Kabaka Kiwewa alipokataa kutahiriwa akaondolewa, akawekwa Kalema aliyekubali. Wakristo wakakimbilia Ankole, wakajipanga, wakarudi na bunduki. Mmoja wa makamanda walioongoza vita vya kumrudisha Mwanga alikuwa kijana huyu wa Kooki. Kufikia 1890 Kalema alikuwa amekufa kwa ndui huko Bunyoro, na dola pekee ya Kiislamu iliyopata kusimama Buganda ilikuwa imekwisha. Mwaka 1893 Waislamu walishindwa tena, Mbogo akapelekwa Zanzibar, na mwishowe wakaachiwa kaunti moja tu, Butambala. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: mtu ninayemwandika hapa alikuwa adui wa babu zetu, na alikuwa adui hodari.

Sifa za vita zilimpandisha. Akamwoa dada yake Mwanga, akapewa cheo cha Kimbugwe, ambacho kwa heshima kilifuata kile cha Katikkiro. Tatizo ni kwamba Katikkiro alikuwa Apolo Kagwa, Mprotestanti mwenzake, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu akakiacha cheo, akahamia Bugerere ng'ambo ya mashariki, akaanza kujitafutia ufalme wake mwenyewe. Aprili 1899 alikuwamo katika jeshi lililowakamata Mwanga na Kabalega kule Lango, wote wawili wakapelekwa visiwa vya Shelisheli. Fikiri: Kabaka aliyempigania akiwa kijana, na ambaye ni shemeji yake, sasa anamshika na kumkabidhi kwa Wazungu.

Miaka miwili mitatu iliyofuata alizunguka Teso, Bukedi na pande za Mlima Elgon, akijenga ngome, akilima barabara, akipanda migomba na kuweka Waganda wake kuwa watawala. Wenyeji wa huko hawana kumbukumbu nzuri ya siku hizo, na wana haki. Ng'ombe walitekwa, watu walilazimishwa kazi, na waliopinga walipigwa risasi. Anayemsoma Kakungulu kama shujaa wa dini tu amekosea, na hata Abayudaya wenyewe wanajua kwamba jina lake lina pande mbili pale Mbale.

Aliamini kuwa Sir Harry Johnston, aliyekuja kufanya mkataba wa 1900, amemkubalia kuwa Kabaka wa Bukedi. Waingereza hawakuwa na nia hiyo. Mwaka 1902 walimwondoa Budaka, makao aliyoyajenga mwenyewe, wakampa maili za mraba 20 karibu na mlima. Hapo akaanzisha mji ambao leo tunauita Mbale. Baadaye wakamtuliza kwa kumfanya rais wa baraza la Busoga, kuanzia 1906 hadi 1913, kazi ya mshahara kwa mtu aliyetaka kiti cha enzi. Aliporudi Mbale alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, ana ardhi, ana watu, ana uchungu. Na ana Biblia.

Wanahistoria wengi wanaishia kwenye uchungu huo. Wanasema Waingereza walimnyima ufalme, naye akawalipiza kwa kuikataa dini yao. Sikatai kwamba uchungu ulikuwepo. Lakini watu wangapi walinyimwa vyeo na Waingereza Uganda hii, na ni wangapi kati yao walikaa chini kulinganisha sura kwa sura? Uchungu unaweza kumtoa mtu kanisani. Hauwezi kumwambia asali siku gani.

Biblia nzima ya Luganda ilitoka mwaka 1896, kazi ya Pilkington na Henry Wright Duta. Ilichapwa nene na nyembamba, kiasi cha kuingia ndani ya bati la biskuti ili mchwa wasiile, na watu wakaiita kwa jina hilo la biskuti. Wamisionari walikuwa wamefanya kitu ambacho hata wao, nadhani, hawakukipima vizuri: walimpa mwanafunzi kitabu kizima kwa lugha ya mama yake, wakamwambia kila kitu kimo humo. Kakungulu hakujua Kiingereza, hakujua Kiyunani, na hakuwa amesoma kwa nini maaskofu wa Nicea walikubaliana hivi au vile. Alikuwa na maandishi tu. Na maandishi yalisema Mungu ni mmoja, siku ya mapumziko ni ya saba, na mtoto wa kiume atahiriwe siku ya nane.

Wa kwanza kuyasema hayo hadharani hakuwa yeye. Mwaka 1914 Malaki Musajjakawa, pamoja na chifu mkubwa wa Busiro, Joshua Kate Mugema, walianzisha dhehebu la Mungu Mmoja Mwenyezi, ambalo watu waliliita la Bamalaki. Walibatiza bila kumsumbua mtu kwa miaka ya mafundisho, walishika Jumamosi, na walikataa dawa za hospitali na sindano, wakitegemea sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati inayokataza uganga. Makumi ya maelfu wakawafuata. Kakungulu aliingia, na kwa uzito wa jina lake akawa nguzo yao mashariki. Serikali ilichukizwa, hasa kwa habari ya chanjo. Kwa jambo hili mimi nipo upande wa serikali, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute dawa, na kukataa tiba kwa jina la tauhidi ni kuichafua tauhidi.

Lakini Bamalaki nao walikuwa na mahali wanaposimama. Kakungulu alipofika kwenye tohara akauliza kwa nini hawaitimizi. Ndani ya Luka, sura ya pili, Isa mwenyewe anatahiriwa siku ya nane. Alishika Sabato, aliingia hekaluni, alifundisha Taurati, na hakuna mahali katika maneno yake anapowaambia wanafunzi waiache tohara. Anayeiondoa ni Paulo, katika barua kwa Wagalatia, na baraza la Yerusalemu katika kitabu cha Matendo, yote baada ya Isa kuondoka. Basi nani wa kufuatwa, mwalimu au aliyekuja baada yake? Ndugu zangu mnaokwenda kwenye mihadhara ya dini linganishi pale sokoni, hoja hii mmeisikia mara mia, masheikh wetu wanaitoa na Biblia mkononi. Kakungulu aliifikia peke yake, kilimani Mbale, bila sheikh yeyote.

Inasimuliwa kuwa Bamalaki walimjibu kwamba wanaotahiri ni Wayahudi, naye akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi. Kwa Muganda wa wakati ule hilo halikuwa jambo la afya. Kabaka Mutesa alifunga Ramadhani kwa miaka na hakuthubutu kutahiriwa, maana mila ilikataza damu ya mfalme kumwagika. Na vijana wa Kiislamu waliokataa nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa aliwachoma moto Namugongo, miaka kumi kabla ya wale mashahidi wa Kikristo ambao taifa linawakumbuka kila Juni 3. Kiwewa alipoteza kiti kwa jambo hilohilo. Tohara katika Buganda ilikuwa alama ya Uislamu. Jenerali aliyewapiga Waislamu kwa miaka mitano akaibeba alama yao mwilini, kwa kuisoma katika kitabu cha wamisionari.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikisoma habari zake. Kwa nini hakuja kwetu? Anakiri Mungu mmoja asiye na mshirika. Anatahiri. Anataka chakula kilichochinjwa kwa sheria. Anaamini Isa alikuja kuithibitisha Taurati, jambo ambalo Aal Imran inalieleza wazi. Kilichobaki ni hatua moja.

Jibu langu ni kwamba hatua hiyo ilikuwa imezibwa kwa miili ya watu. Kwake Uislamu ulikuwa jeshi la Kalema, na kwa Waislamu yeye alikuwa bunduki ya Waprotestanti. Hajatajwa mtu wa upande wetu aliyekwenda kuketi naye. Aliyekwenda ni mfanyabiashara mmoja Myahudi aliyeitwa Yosef, mwaka 1920, akakaa na jamaa zake kwa miezi kama sita, akawafundisha sikukuu, kalenda na uchinjaji. Miezi sita tu. Kabla ya hapo walikuwa bado wanachanganya, wakibatiza na kulitaja jina la Yesu katika sala; baada ya hapo Agano Jipya likaanza kuwekwa kando. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu chake cha Luganda cha sala na kanuni, kilichowataka wafuasi waiamini Taurati na kuzishika amri zake zote.

Na hapa lazima niseme tunapotengana naye. Alianza kwa kumtafuta Isa alivyofundisha mwenyewe, bila nyongeza za kanisa, na akamaliza bila Isa kabisa. Hakupewa zaidi ya njia mbili: ama umkubali kama mwana wa Mungu ndani ya Utatu, ama umwache. Kwamba yupo Isa wa tatu, mtume miongoni mwa mitume wakubwa, mwana wa Maryam, asiyeabudiwa na asiyeachwa, hilo hakuna aliyemfikishia kwa lugha aliyoielewa. Siku ya hesabu aulizwe nani? Mimi sijui kama ni yeye.

Alifariki Novemba 24, 1928, akazikwa katika ardhi yake kule Mbale. Mwaka uliofuata serikali iliwahamishia Malaki na Mugema kaskazini, mbali na watu wao. Abayudaya walibaki vikundi vidogo vilivyogawanyika, wakulima wa kahawa na migomba kwenye vilima vya Nabugoye na jirani zake, wakisali kwa Luganda na kujifunza Kiebrania kidogo kidogo.

Chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa, vitabu vikafichwa, wengi wakachukua majina ya Kikristo au ya Kiislamu wapate kuishi. Kutoka watu wapatao 3,000 wakabaki mia chache. Amin alijiita mtetezi wa Waislamu, na kwa hiyo jambo hili nalo limo katika daftari letu, tulipende tusilipende. Aliangushwa Aprili 11, 1979. Jioni ileile ilikuwa ndiyo inaanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani kwa Firauni, na Abayudaya hawajausahau ulinganifu huo.

Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988. Kutoka lango lake hadi sinagogi la Nabugoye ni mwendo mfupi wa bodaboda. Nimewauliza wenzangu kumi na wawili waliosoma kule kama wamewahi kupanda kilima hicho hata mara moja. Mmoja alisema ndiyo, alipeleka mtu aliyekuwa akitafuta kahawa ya kununua.